Kuchagua mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe: mwongozo kamili, kuanzia ukutani mpaka kwenye pingo

Watu wengi wanaokarabati nyumba Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaanza na nakshi. Wanamuonyesha fundi picha kwenye simu, mlango mkubwa wenye upinde juu na misumari ya shaba kila mahali, wanamwambia nataka kama huu. Mlango unakuja, mzuri kweli, unafungwa kwenye kinyumba chembamba cha duka na ghafla nyumba haionekani tena, unaona mlango tu. Au kinyume chake, jumba la kiarabu lenye ukuta mnene nusu mita linawekewa mlango wa fletini wa futi tatu kwa saba uliotoka dukani, pembeni pameshindiliwa simenti kuziba nafasi iliyobaki. Yote mawili yanauma kuyaona kwa sababu mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na milango ni sehemu kubwa ya sura yake, sasa tunaiharibu nyumba moja moja.

Kwa hiyo hapa naandika utaratibu mzima wa kuchagua, na mpangilio wake ni huu: nyumba kwanza, halafu ukuta, halafu fremu, halafu mbao, na nakshi iwe karibu na mwisho kabisa. Nimeandika kwa mwenye nyumba, sio kwa fundi, fundi mzuri haya anayajua. Na kama uko Muscat au London na unatuma hela nyumbani kwa ujenzi basi soma hadi mwisho kabla hujatuma ya mlango.

HATUA YA 1: IJUE NYUMBA YAKO NI YA AINA GANI

Simama ng'ambo ya pili ya kichochoro uitazame nyumba yote, sio uwazi wa mlango peke yake. Mji Mkongwe hauna mtindo mmoja, ndo maana hakuna kitu kimoja kinachoitwa mlango wa Zanzibar hata kama maduka ya watalii yanauza hivyo.

Kama nyumba ina uso mpana na wa wazi, ukuta mkubwa mweupe usio na mapambo mengi, madirisha machache chini, na ndani kuna uwanja wa kati, hiyo ni nyumba ya kiarabu, ya kioman. Nyumba hizi zimeacha uso mtupu makusudi na pambo lote wakaliweka kwenye mlango mmoja. Mlango wake wa asili ni wa mraba, yaani kizingiti cha juu kimenyooka, fremu nene iliyochongwa na mara nyingi maandishi ya Qur'ani au mwaka juu pale. Vipande viwili vyenyewe vinavyofunguka vinaweza kuwa vya mbao tupu kabisa, uzuri uko kwenye fremu na kwenye mfaa, ule mti uliosimama katikati ya vipande. Hapa mlango mkubwa na mzito unastahili.

Kama nyumba ni nyembamba, imebanana na wenzake mstari mmoja, chini duka juu makazi, na pengine ina roshani ya mbao iliyotoboliwa toboliwa, hiyo ni nyumba ya duka ya kihindi, zimejaa kuelekea Darajani, Hurumzi na Sokomuhogo. Hapa kuna milango miwili ya kufikiria. Ule wa duka ulikuwa wa mbao ndefu nyembamba zinazokunjana pembeni ili uso wote ufunguke, na ule wa kupandia juu ni mdogo. Milango ya kigujarati inajulikana kwa vipande vyake vilivyogawanywa kwenye vijumba vya mraba, na misumari ya shaba inakaa kwenye makutano ya vile vijumba. Ukinunua jengo la aina hii tafadhali usiizibe ile nafasi pana ya duka kwa matofali ili uweke mlango mmoja wa kifahari katikati. Tengeneza mlango wa kukunja, hata kama ndani sasa ni sebule.

Halafu kuna majumba ya mwisho wa karne ya 19, zama za Sultan Barghash aliyetawala 1870 hadi 1888 na waliofuata, ndipo upinde wa juu uliochongwa maua na mizabibu ulipopata umaarufu. Upinde huo ni mzuri mno lakini unataka ukuta mrefu juu yake, ukiubana chini ya roshani au chini ya dirisha unaonekana umekabwa.

Upande wa Vuga ni habari nyingine, kuna majengo ya wakati wa Waingereza na pale mlango wa mbao wa paneli usio na nakshi nyingi unakaa vizuri kuliko wa kuchonga. Na nyumba za mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, zile za kiswahili zenye baraza mbele na chumba kulia na kushoto, mlango wake ni wa mbao wa kawaida wa vipande viwili, labda na nakshi kidogo juu. Usione aibu na mlango mwepesi, ndio wake.

Ikiwa hujui nyumba yako iko wapi kati ya hizi, angalia majirani wawili kila upande ambao hawajabadilisha milango. Mtaa utakwambia.

HATUA YA 2: ULIZIA RUHUSA, NA CHUNGUZA MLANGO ULIOPO

Ndani ya eneo la hifadhi huwezi kubadilisha mlango wa mbele kwa kuamka tu asubuhi. Kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ilianzishwa 1985, nenda na picha za nyumba nzima, picha ya mlango wa sasa, vipimo na mchoro wa unachotaka. Fanya hivi KABLA ya kumlipa seremala, manake ukiambiwa punguza urefu wa upinde na mbao tayari imekatwa hasara ni yako.

Wakati huo huo muulize fundi nakshi, sio dalali, aje auone mlango uliopo. Milango mingi inayoitwa imeoza imeoza chini tu, sentimita ishirini za mwisho za miimo, ile miti ya pembeni ya fremu, na kizingiti cha chini ambako maji ya mvua yanasimama. Hapo unakata sehemu iliyooza unaunga mbao ya aina ile ile kwa ulimi na tundu (ncha ya ubao mmoja inaingia kwenye shimo la mwingine), na mlango unaishi tena miaka na miaka. Mie msimamo wangu ni kwamba mlango wa zamani uliokarabatiwa unaushinda mpya wowote, hata ukiwa na viraka vinavyoonekana.

Na kuhusu kununua mlango wa zamani kutoka kwa mtu: uliza umetoka nyumba gani. Mlango uliong'olewa nyumba moja kwenda kupamba nyingine maana yake kuna nyumba imebaki na shimo. Bara, sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaihesabu milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, kwa hiyo hata ukiletewa mlango kutoka Bagamoyo au Kilwa kuna maswali ya kujibu. Pia mingi inayouzwa kama ya zamani ni mipya iliyopakwa rangi ya viatu. Geuza uangalie nyuma: mlango wa zamani kweli una alama za tezo kwa nyuma maana hawakuwa wanapiga randa upande usioonekana, na pembeni juu na chini una vishikizo vya mbao vya kuzungukia vilivyolika kwa matumizi. Ukikuta skrubu za nyota na mgongo laini kama meza, basi.

Mwaka ulioandikwa juu ya mlango ni wa Hijria. 1300 ilianza Novemba 1882, kwa hiyo mlango wa 1305 ni wa siku za mwisho za Barghash, sio wa zama za Wareno kama wengine wanavyowasimulia wageni.

HATUA YA 3: PIMA UKUTA, TENA KWA UVUMILIVU

Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, hazijanyooka. Pima upana wa uwazi mahali patatu, juu, katikati na chini, pima urefu kulia na kushoto, halafu pima mshazari kutoka kona hadi kona pande zote mbili, ukikuta mishazari hailingani ujue uwazi umepinda na fremu yako itabidi iwe imenyooka yenyewe huku chokaa ndo ichukue tofauti. Tumia timazi kuona kama ukuta umelala nje au ndani. Pima na unene wa ukuta maana ndio unaoamua mlango utafungukia wapi.

Na mlango ufungukie NDANI, hili halina mjadala kwenye vichochoro vyetu, watu wanapita, mikokoteni inapita, vespa zinapita. Fremu inakaa karibu na uso wa nje wa ukuta na vipande vinafunguka kuingia kwenye ule unene na ukumbi.

Juu ya uwazi, nyuma ya fremu ya nakshi, kuna mbao au boriti zilizolazwa zinazobeba mawe ya juu. Zichungulie, zigonge, choma kwa bisibisi. Kama zimeliwa na mchwa hiyo ni kazi ya kwanza kabla ya mlango wowote na ukuta ushikiliwe kwa nguzo wakati zinabadilishwa. Kupanua uwazi ili mlango mkubwa uingie mimi sishauri kabisa. Sote tuliona sehemu ya lile jumba la Beit al Ajaib pale Forodhani ilivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, haya majengo ni ya kubembeleza, huwezi kuja na grainda ukakata ukuta unavyotaka.

HATUA YA 4: CHAGUA UMBO, NA UELEWE UNACHONUNUA

Mlango wetu wa asili ni wa vipande viwili, na katikati kuna mfaa, ule mti uliosimama ambao unafunika mahali vipande vinapokutana. Mfaa umegongwa kwenye kipande kimoja tu. Kwa kuwa mlango unafungukia ndani, kipande kisicho na mfaa ndo kinatangulia kufunguka, chenye mfaa kinafuata, na ukifunga ni kinyume. Nakuelezea hivi kwa sababu wapo mafundi wa siku hizi wanaogonga mfaa wa bandia, pambo tu, na katikati wanaacha ufa ambao mvua ya kusi inapita moja kwa moja. Mwambie fundi mfaa ufunike kweli, angalau sentimita mbili juu ya kipande cha pili.

Vipande viwili vina faida nyingine kwenye nyumba ya kawaida. Unatumia kimoja kila siku, cha pili unafungua siku ya harusi, msiba au unapoingiza kabati. Lakini hakikisha kimoja peke yake kinapitisha mtu mwenye mzigo, sentimita 60 ni kidogo lakini zinatosha, 70 ni raha. Kama uwazi wako ni chini ya mita moja na ishirini, fikiria vipande visivyolingana au kipande kimoja chenye mfaa uliowekwa kando, usilazimishe.

Unene wa kipande uwe inchi mbili kamili baada ya randa. Fremu iwe nene zaidi ya unavyodhani, wembamba wa miimo ndo unaoufanya mlango mpya uonekane wa bei rahisi hata nakshi ikiwa safi.

HATUA YA 5: MBAO

Hapa ndo hela yako inaponea au inapopotea. Milango ya zamani ilichongwa kwa msaji uliotoka Bara Hindi, kwa mbambakofi, na mingi hapa kisiwani kwa mfenesi. Leo ukiweza kupata msaji au mbambakofi uliokauka chukua, utaishi kuliko wewe. Mninga ni chaguo zuri sana kwa bei ya kati, unachongeka vizuri, mti wake wa ndani mchwa hawaupendi na hauchezi sana na unyevu. Mvule pia unafaa. Mfenesi una rangi ya manjano inayoiva kuwa kahawia, kwa mlango wa ndani au uliofunikwa na roshani naupenda sana. Mwembe usiweke nje, dumuzi wataumaliza.

Angalia pembe za ubao: mti wa nje, ule mweupe mweupe, usiwemo. Fundi atakwambia atapaka dawa. Hapana, akate.

Ukavu ni muhimu kuliko jina la mti. Kanuni ya zamani ya kukausha kwa hewa ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na hakuna mteja anayesubiri hivyo, ndo maana milango inapasuka. Waliko na mita ya unyevu omba wapime mbele yako, kwa hali yetu ya pwani tafuta kati ya asilimia 12 na 15. Kama hakuna mita, mbao zipangwe karakanani zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, zikae hapo hapo Unguja wiki kadhaa kabla ya kukatwa. Mbao iliyokaushwa Dodoma ikavuka bahari itanyonya unyevu itavimba, na ikitengenezwa kabla haijatulia utaijua masika.

Kwa sababu hiyo hiyo, mlango wa vijumba vya kigujarati paneli zake zisigundishwe. Zikae huru ndani ya mfereji ili zivimbe na kusinyaa bila kupasuka. Gundi iwekwe kwenye maungio ya ulimi na tundu tu, na yafungwe kwa vigingi vya mbao.

HATUA YA 6: NAKSHI

Sasa ndo tuzungumze nakshi. Sheria yangu ni moja, fremu kwanza. Bajeti ikiwa ndogo, chonga kizingiti cha juu na mfaa, miimo ipitishe mnyororo mwembamba pembeni na vipande viache vitupu. Mlango wa hivi una heshima. Nakshi nyepesi ya mashine iliyosambazwa mlango mzima haina.

Zipo mapambo yanayorudi rudi: mnyororo ukingoni, mawaridi ya duara, yungiyungi, mawimbi au magamba ya samaki chini ya miimo, majani ya mtende. Watu wana tafsiri za kila moja, mnyororo ulinzi, samaki riziki na kadhalika, zisikilize lakini usichague kwa tafsiri. Chagua kwa umri wa nyumba: nyumba ya zamani zaidi na ya mraba inataka nakshi ya chini chini, ya duara na mistari. Maua yaliyochongwa kwa kina ni ya upinde na ya majumba ya baadaye. Ukichanganya yote kwenye mlango mmoja unapata mlango wa hoteli.

Nakshi za Lamu na Siyu ni nzuri na zina historia yao, Siyu hasa na kuchora kwao kwa mistari na rangi nyekundu na nyeusi, na mafundi wa Lamu wapo hodari. Ila ukimtumia fundi wa Lamu kwa nyumba ya mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, mpelekee picha za milango ya Kiponda.

Ukitaka aya juu ya mlango, iandikwe na mtu wa khati, isomwe na sheikh kwenye karatasi kabla patasi haijagusa mbao, na isomwe tena baada ya kuchongwa. Mafundi wengine wananakili umbo bila kusoma na nukta zinapotea. Na kama jengo ni la wageni, baa chini au vyoo nyuma ya mlango huo, usiweke aya. Weka mawaridi, hakuna atakayekosa kitu.

Uliza fundi kama anachonga kwa patasi au kwa mashine ya kompyuta. Mashine sio dhambi, inaweza kukwangua umbo la kwanza, lakini kingo zimaliziwe kwa mkono, vinginevyo chini ya jua la saa tisa nakshi haitoi kivuli.

HATUA YA 7: VYUMA NA USALAMA

Misumari mikubwa ya shaba ilikuja na mtindo wa Kihindi, kule wanasema ilikuwa ya kuzuia tembo, huku ni pambo. Iweke pale maungio yalipo, kwa mstari, na iwe ya shaba ya kumimina. Ile ya bati lililopakwa dhahabu kwa upepo wa bahari inaanza kutoka kutu mapema na michirizi inachafua mbao.

Skrubu zote zilizofichwa ziwe za chuma kisichoshika kutu. Bawaba pia. Ukipata fundi anayejua kutengeneza vile vizungushio vya zamani vya juu na chini badala ya bawaba, mwache afanye, mlango mzito unatulia zaidi juu ya kizingiti kuliko kuning'inia.

Usalama ndo sababu watu wanaweka mageti ya chuma mbele ya nakshi na mlango wote unapotea. Haina haja. Weka riza na tumbuu (mnyororo wa kufungia na pete yake) kwa nje kwa ajili ya sura na kufuli, kwa ndani weka pingo la mbao au chuma linalovuka vipande vyote viwili, na makomeo juu na chini kwenye kipande kinachokaa kimefungwa. Kitasa cha kisasa kifichwe kwenye unene wa kipande kisicho na mfaa, nje lionekane tundu la ufunguo tu. Ukiona lazima griili, ikae ndani, nyuma ya mlango, ambako pia inakusaidia kuacha mlango wazi upepo uingie.

HATUA YA 8: KUFUNGA

Pembeni mwa fremu ni CHOKAA, sio simenti. Simenti inabana unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, ukuta unamomonyoka na miimo inaoza kwa upande usiouona. Upande wa fremu unaogusa ukuta upakwe dawa ya mchwa na mafuta kabla haujaingia. Kizingiti cha chini kiinuliwe kidogo na kiwe na mteremko wa kutoa maji nje, na usisakafie barazani juu kuliko kizingiti, hili linatokea sana wakati wa kurudishia sakafu.

Acha nafasi ya milimita tatu hadi nne kuzunguka vipande. Ukifunga kiangazi na mlango ukabana vizuri kabisa, masika hautafunguka.

HATUA YA 9: MAFUTA NA MATUNZO

Vanishi nzito inayong'aa iache, hasa nyumba zinazotazama magharibi, Shangani na Forodhani, jua la alasiri linaivua kama ngozi na kuitoa kwenye nakshi ni kazi ya wiki. Paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, membamba, kwa kitambaa, mara tatu mwanzoni ukisubiri yakauke kila mara, halafu rudia kila mwaka kabla ya masika. Vitambaa vyenye mafuta hayo usivikunje ukavitupa pembeni, vinaweza kuwaka vyenyewe, vitandaze vikauke au viloweke kwenye maji. Vumbi la nakshi litoe kwa brashi laini, usipige maji ya mpira.

Shaba isafishe kwa limau na chumvi kidogo, futa kwa kitambaa chenye maji mara moja, weka kipande cha karatasi ngumu kuzunguka msumari ili asidi isiguse mbao. Au iache ipoe rangi yake, wengi tunaipenda hivyo.

Mvua za masika zikiisha, mwezi wa sita hivi, piga magoti uangalie chini ya miimo yote miwili kwa kidole na bisibisi. Ukikuta pamelainika au kuna njia ya udongo ya mchwa mwite fundi wiki hiyo hiyo, wakati bado ni kiraka cha kiganja.